Chakula cha mzazi pale Langoni: maoni yangu baada ya kutoka arobaini

Nimeulizwa sana na mashoga na mawifi kuhusu yule bi mkubwa wa Langoni anayewapikia wanawake waliojifungua, ati chakula chake kweli kizuri ama ni sifa za watu tu, na ile pesa anayotoza inafaa? Inafaa. Ningekuwa na uwezo ningemlipia kila mwanamke anayezaa Lamu hii, aliye na mama na asiye na mama, manake alichonipa mimi si supu peke yake na ndo maana naandika kirefu hivi.

Bei kwanza. Ni shilingi 900 kwa siku, na ukichukua arobaini nzima anakufanyia 32,000, unalipa nusu kabla hujajifungua na nusu iliyobaki unapunguza pole pole kwa M-Pesa. Wako wanaochukua uji na supu tu, hiyo ni 450. Chakula kinakuja mara tatu, asubuhi uji, mchana baada ya adhuhuri chakula kizito, jioni kabla ya maghribi supu. Hana duka wala bango, anapika uani kwao na mkaza mwana wake, na hachukui wazazi zaidi ya watatu kwa wakati mmoja, ukimkuta amejaa anakwambia amejaa na hata umbembeleze vipi haongezi. Asubuhi na jioni hotpoti analeta mjukuu wake mbio mbio kupitia vichochoroni, lakini mchana anakuja mwenyewe. Huo mchana ndo nitakaousema sana.

Chakula chenyewe sasa. Uji ni wa unga wa mchele na tui, umetiwa pilipili manga ya kutwangwa siku hiyo hiyo, tangawizi na iliki, mzito kiasi cha kushika kijiko, na ukali wake unausikia kooni baadaye wala si mdomoni. Supu ni ya kuku wa kienyeji, amechemka taratibu mpaka mifupa inaachia, thomu nyingi, ndimu inakamuliwa mwisho kabisa sufuria ikishaepuliwa ndo haifanyi uchungu. Siku zingine ni supu ya pweza au ya samaki, na mkate wa mofa wa kuchovya. Mchana ni wali wa nazi na mchuzi wa changu, au mchicha wa nazi na maini, kisamvu, ndizi mbivu za tui, na kila mara pembeni kuna tende na glasi ya maziwa moto yenye habasoda. Nazi anakuna mwenyewe kwenye mbuzi, tui la kasimele analiweka kando atie mwisho, na mtu yeyote aliyekulia pwani akitia tonge la kwanza mdomoni anajua hili si tui la paketi. Chai haleti pamoja na chakula. Nilipomuuliza akasema anakuja nayo saa moja baadaye, na yule nesi wa kliniki alinieleza jambo hilo hilo, kwamba chai pamoja na chakula inauzuia mwili kuchukua madini ya chuma, na mwanamke aliyetoka kuzaa amemwaga damu anayahitaji.

Unaponyonyesha mwili unataka chakula zaidi, kama kalori 500 zaidi kwa siku kuliko ulivyokuwa kabla ya mimba, hivyo ile njaa ya saa nane usiku inayotufanya tuone aibu kuamka kufungua sufuria ni mwili unadai haki yake. Yeye analijua hilo bila kulisomea, hotpoti ya jioni huwa anaituma na kibakuli kidogo cha tende na mkate wa ufuta umefunikwa kwa kawa, na maneno yake kwamba hiki cha usiku, kiweke karibu na kichwa. Mimi nilivyokiona kile kibakuli mara ya kwanza nililia. Hakuna mtu aliyewahi kuniwekea mimi chakula cha usiku tangu nilipokuwa mtoto.

Sasa mchana. Anaingia, anatoa salamu, ananawa mikono, halafu kabla hajafunua chochote anamchukua mtoto. Kila mara. Mwanzoni nilidhani anapenda tu watoto lakini sababu ni nyingine. Mtoto wangu alikuwa akinyonya vizuri akilazwa mkono wa kulia, na sisi tunakula kwa mkono wa kulia, sasa mtu ale na upi? Mawifi wangu wote walikuwa wakileta sahani, wallahi hawakuninyima, wanaiweka kwenye stuli wanasema kula dada kisha wanatoka kwenda kwenye kazi zao, na mimi nabaki na mtoto mkononi naangalia wali unapoa. Nikiupata nimeupata wa baridi, nimesimama, namtikisa mtoto huku natia tonge. Bi mkubwa yeye anamweka mtoto begani, anakaa juu ya busati akaegemea ukuta pale mbele yangu, ananiambia kaa. Nikae. Nitandaze miguu. Niseme bismillahi kwa sauti. Halafu hasemi tena, ananiacha nile, na hanyanyuki mpaka nimemaliza na nimenawa. Sinia ile yote ni ya mtu mmoja na mtu huyo ni mimi.

Hebu mwanamke anayesoma hapa ajiulize mara ya mwisho kula hivo ilikuwa lini. Majumbani mwetu tunapika tangu asubuhi, tunaonja chumvi, tunapakua sinia ya wanaume, tunapakua ya watoto, tunawapelekea majirani, na sisi tunakaa mwisho kabisa jikoni na kilichobaki, na mara nyingi tumeshiba harufu hata hamu haipo. Hakuna aliyetulazimisha, tuliwaona mama zetu tukafanya, na kuna mapenzi mengi sana ndani yake siwezi kuyakana, mwanamke wa hapa akikupenda utajua kwa kile anachokuwekea mbele yako. Lakini mapenzi yale yanatoka tu, hayarudi. Nimelelewa Malindi, mama yangu ni mpishi ambaye mtaa mzima unamjua kwa biriani yake, na sikumbuki hata siku moja kumuona amekaa kitako akala chakula cha moto. Alikuja kuniona nilipojifungua, hiyo safari ya Garsen na Witu mpaka Mokowe kisha boti, na ilibidi arudi mapema sababu anamuuguza babu, na alipomuona bi mkubwa ananilisha alikaa kimya pale mlangoni muda mrefu. Siku ya kuondoka alimpa kanga yake.

Kuna upande mwingine ambao wanawake hatuusemi sana. Mimi nilijifungua Shaabani na Ramadhani ikaingia ningali ndani. Ukiwa na nifasi, ile damu ya uzazi, husali, hufungi, hushiki msahafu. Kwa sisi Mashafi kawaida yake ni siku 40 na mwisho wake 60, na mwanamke akitahirika kabla ya hapo anaoga anasali, hangoji arobaini itimie kama wengi wetu tunavyodhani. Hukumu naijua na naikubali, ni rehema. Lakini moyo una mambo yake jamani. Nyumba nzima imefunga, adhana zinafuatana mji mzima, usiku nasikia watu wanatoka kwenda taraweh, na mimi niko chumbani nakula mchana, nimezoea siku yangu igawanywe na sala tano na sasa siku ni moja ndefu haina pembe. Nilijiona niko mbali. Hata kula kwenyewe nilikuwa nakula kwa kujificha kama mwizi ingawa hakuna aliyenisema, nafunga mlango, natafuna pole pole nisisikike na mavyaa wangu aliyefunga chumba cha pili.

Na bi mkubwa akaendelea kuja. Yeye amefunga, ana umri ule, amekaa jikoni kwenye seredani na moshi jua la saa sita, halafu amebeba sinia mpaka kwangu, akakaa mbele yangu na mtoto begani akanitazama nikila samaki. Nilimwambia siku moja, mama naona haya kula mbele yako umefunga. Akaniambia mwanangu, mimi swaumu yangu nakupikia wewe, na wewe ibada yako sasa hivi ndo hii, sema bismillahi. Tangu siku hiyo nikaacha kufunga mlango. Nikawa nasema bismillahi kwa kukusudia na nikimaliza nasema alhamdulillah kwa kukusudia, mara tatu kwa siku, asubuhi, mchana na jioni, na siku yangu ikapata nguzo zake tena. Zile siku sikuwa na sala nilikuwa na dhikri na dua na huo mlo, na mimi nashuhudia kwamba Mola wangu nilimkuta pale juu ya sinia karibu zaidi kuliko nilivyowahi kumkuta kwenye futari zote nilizokimbizana nazo jikoni miaka ya nyuma.

Kisha ile huzuni. Wiki ya kwanza nilikuwa nalia bila sababu, mtoto mzima, mume mzuri, na mimi machozi tu, na chakula kilikuwa hakipiti. Kliniki walinieleza kwamba hali hiyo ni ya kawaida sana, huanza siku ya pili au ya tatu baada ya kuzaa na mara nyingi huisha ndani ya wiki mbili, ikizidi hapo au ukiwa na mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto basi unarudi hospitali haraka usingoje. Nyumbani walisema kijicho, mwengine akasema jini. Bi mkubwa hakubishana na mtu, alikuta siku moja nimeusukuma uji na sinia yote, nimegeuza uso ukutani, akakaa akaniambia kisa ambacho nilikijua tangu chuo cha Qur'ani lakini sikuwahi kukisikia kikisemwa na mwanamke aliyezaa.

Ni kile cha Bibi Maryamu kwenye sura yake, aya ya 23 mpaka ya 26. Uchungu ulimpeleka kwenye shina la mtende, peke yake, hana mama, hana mkunga, mpaka akasema laiti ningekufa kabla ya haya. Na aliponadiwa aliambiwa usihuzunike, kuna kijito cha maji chini yako, litikise shina zitakuangukia tende mbivu, kisha akaambiwa ale na anywe na jicho lake litue. Bi mkubwa akasema hivi: mwanamke alisema anatamani kufa na jibu alilopata ni maji na tende. Watu wa kumsema walikuwepo na maneno yao yalikuwa yanakuja, lakini kwanza kaambiwa ale. Haya mwanangu, Maryamu kala, na wewe kula. Akanivunjia tende akaitoa kokwa akanitia mkononi.

Nilikula. Na nilirudi kliniki pia, yeye mwenyewe aliniuliza mara mbili kama nimekwenda.

Kuhusu mwili nitasema kwa ufupi. Wageni wakija kutazama mtoto macho yao yako kwenye tumbo la mama, mmoja alinionyesha kwenye simu mwanamke aliyezaa juzi na tumbo limerudi ubaoni, akaniambia wewe punguza wali. Nimefungwa mkaja, nimekandwa, nina maumivu mpaka kukaa ni kazi, na naambiwa nipunguze wali! Katika arobaini yote bi mkubwa hakusema neno hata moja kuhusu mwili wangu, si unene si wembamba, aliuliza tu kama nimeshiba. Hakunijaza pia. Alikuwa akisema ile thuluthi tuliyofundishwa na Mtume, thuluthi ya chakula, thuluthi ya maji na thuluthi ya pumzi, ukisikia pumzi inabana acha, kesho nitapika tena. Mimi tangu usichana wangu chakula kilikuwa ama cha kunyimwa au cha kulazimishwa, usile utanenepa nani atakuoa, kisha unakaribia harusi ati kula kula mwari asionekane amekonda. Kuulizwa tu umeshiba, na jibu langu likapokelewa lilivyo, kwangu lilikuwa jambo jipya.

Yasiyonipendeza nayo yapo na nayasema. Uji kufika wiki ya tatu unachosha, ni ule ule kila asubuhi, nilimwomba anibadilishie akaniletea wa wimbi siku chache kisha ukarudi ule ule. Ramadhani chumvi ilikuwa inapanda na kushuka, yeye amefunga na mkaza mwana wake amefunga, wanapika kwa kukisia, siku moja mchuzi ulikuwa wa bahari kabisa. Ijumaa mchana anachelewa, jitayarishie kitu cha kushika tumbo. Pilipili manga kama huiwezi sema mapema manake kwake mzazi na pilipili manga ni kitu kimoja. Na mwenye sukari au presha amwambie siku ya kwanza kabisa, asingoje, sababu yeye anatia tende na asali kwenye mambo mengi, jirani yangu aliyepata sukari ya ujauzito alimweleza na akampikia mbali, lakini ni jirani mwenyewe aliyeleta karatasi ya daktari, bi mkubwa hakuuliza.

Nampa sifa kwa jambo moja la asali lakini. Mgeni alitaka kumlambisha mtoto asali, bi mkubwa akamshika mkono kwa adabu akasema huyu hata mwaka hana, asali ni ya mama yake. Ni kweli, mtoto chini ya mwaka mmoja asali inaweza kumletea sumu inayolegeza misuli, kliniki zote zinakataza, na kule kusema kwake mbele ya watu wazima wenzake kuliniokoa mimi kugombana na ukoo. Kuhusu uwatu anaotia kwenye maziwa, wanawake wengi wanauamini kwamba unaongeza maziwa, mimi niliunywa nikaupenda, ila nesi aliniambia kinacholeta maziwa zaidi ya vyote ni mtoto kunyonya mara kwa mara mchana na usiku, basi msinunue uwatu mkaacha kunyonyesha.

Lingine, chakula kikifika harufu yake inajaza nyumba na watoto wa ndugu wanakuja kusimama mlangoni. Mwanzoni nilikuwa nagawa mpaka nabaki na mchuzi mtupu, ndivo tulivyofunzwa. Aliponiona, siku ya pili alikuja na sufuria mbili, ndogo ya watoto bila kunitoza, kubwa akaweka mbele yangu akasema hii ya mzazi. Mavyaa wangu alisikia na tangu hapo alikuwa akiwaita watoto kwake wakati wa mlo wangu, na baada ya arobaini kuisha nimeona jambo ambalo sikulitarajia, wakati wa chakula cha mchana ananichukulia mtoto yeye mwenyewe na kuniambia kaa. Juzi nami nilimpokonya mwiko nikamwambia mavyaa wewe kaa leo. Alikataa, akakataa tena, akakaa.

Kama unataka kuweka oda, nenda mimba ikiwa ya miezi sita au saba, ukingoja mwezi wa tisa utakuta nafasi zimejaa. Ukifika Langoni uliza mwanamke yeyote mama wa chakula cha mzazi utaonyeshwa nyumba, mchana wa saa sita mpaka saa nane humpati yuko kwa wazazi anaowapikia, nenda baada ya alasiri. Mwambie tarehe uliyopewa kliniki, usichokula, na dawa unazotumia. Kisha mweleze wazi kwamba unataka aje mwenyewe mchana, manake kuna waliochukua wakaletewa na mjukuu tu kwa sababu nyumba ilikuwa mbali na hawakusema. Wa Shela gharama ya boti ni juu yenu na supu ya jioni hapeleki, anaileta pamoja na ya mchana mtaipasha wenyewe. Wa Matondoni na Kipungani kwa sasa hafiki, ila amesema akipata mwanamke wa huko anayetaka kujifunza atamfundisha bila malipo, basi kama yupo mnayemjua mwambieni aje.